Shuka Uangalie

Basi liliondoka Louisville, Kentucky, saa kumi na moja alfajiri, mwezi Machi 2023, na nyuma ya siti yangu kulikuwa na mama mmoja akisali taratibu kwa Kiswahili cha Kongo. Sikugeuka mpaka tulipovuka mto Ohio na kuingia Indiana. Nilipomwamkia "Shikamoo, Mama," alinyamaza kidogo, maana kwao Bukavu salamu hiyo si ya kila siku, kisha akatabasamu na kuniuliza ninakwenda wapi. Nikamwonyesha bahasha yangu. Naye akatoa yake. Orodha iliyokuwa ndani ilikuwa ileile: leseni ya gari dogo, hati ya ukaazi, kadi ya hifadhi ya jamii, viatu vigumu, glavu, nguo za wiki tatu. Sote wawili tulikuwa tunakwenda Missouri kujifunza kuendesha malori.

"Na wewe ni wa wapi, mwanangu?"

"Tanzania, Mama. Iringa, mahali panaitwa Ilula."

"Kule kuna malori?"

Swali hilo lilinifanya nizungumze mpaka jua likachomoza. Ilula iko kwenye barabara ya TANZAM, baada ya kuupanda mlima Kitonga ukitokea Ruaha Mbuyuni. Malori yaendayo Zambia na Kongo hufika pale juu injini zikihema. Mjomba wangu alikuwa utingo. Alinisimulia jinsi walivyoupanda Kitonga, yeye akitembea kwa miguu kando ya tela, gogo mkononi, tayari kulisukumia nyuma ya tairi endapo gari lingemshinda dereva. Usiku nikiwa kitandani nilisikia malori yakiegeshwa: pshaaa, upepo unatoka kwenye breki, kisha kimya. Nilipokua niliendesha Canter ya nyanya kwa misimu mitatu, kwa sababu Ilula ni nyanya. Basi nilipanda gari lile la Missouri nikiamini kwamba nusu ya somo ninayo tayari.

Kusini mwa Indiana na Illinois mashamba yalikuwa matupu, mabua ya mahindi ya mwaka uliopita yamelala chini. Mchana tukavuka Mississippi na kuliona tao la St. Louis, mita 192 za chuma kinachong'aa. Tulibadilisha basi hapo, tukashika barabara ya I-44 kuelekea kusini magharibi, vilima vya Ozark vikaanza kuinuka. Upande wetu wa kushoto malori yalitupita moja baada ya jingine. Mama aliyahesabu mpaka akachoka. Alikuwa muuguzi kwao kabla ya vita kumtoa, na huku alikuwa amefunga vifurushi ghalani kwa miaka sita, usiku, kwa miguu. Alisema anataka kazi ya kukaa.

Tulipofika tulipewa vyumba vya hoteli, wawili wawili. Mwenzangu alikuwa kijana wa Arkansas aliyekulia kwenye shamba la mpunga, na tangu ana miaka kumi amekuwa akirudisha nyuma matela ya trekta. Nalitaja hilo kwa sababu wiki iliyofuata alikuwa na msaada mkubwa kwangu kuliko kitabu.

Asiyewahi kufika mahali kama pale hudhani siku ya kwanza atapanda lori. Siku ya kwanza ni mkojo na karatasi. Kipimo cha dawa za kulevya hakina mjadala. Tangu Januari 2020 kuna daftari la taifa ambamo jina la dereva aliyeshindwa huandikwa, na hakuna kampuni inayoruhusiwa kumwajiri dereva bila kuliangalia kwanza. Bangi inahesabika hata kama jimbo unakotoka limeihalalisha. Kisha daktari: macho, mkojo tena kwa ajili ya sukari, na shinikizo la damu, ambalo lisipofika 140 kwa 90 mtu anaweza kupata cheti cha miaka miwili. Kipimo cha masikio kilinishtua. Muuguzi alisimama kama mita moja na nusu, akaninong'oneza maneno, nami niyarudie. Masikio yangu ni mazima, lakini kunong'onezewa Kiingereza cha Missouri ni jambo jingine. Nilimwomba arudie, akarudia kwa upole, nikapita. Siku ya pili asubuhi viti vitano darasani vilikuwa vitupu. Wenye viti walikuwa wamekwisha kupewa tiketi za kurudi.

Karatasi nazo nataka nizisemee, maana ndugu wengi huzisaini bila kuzisoma. Shule inayoitwa ya bure si ya bure. Kampuni inalipa masomo, basi na chumba, nawe unaahidi kuiendeshea, mara nyingi mwaka mmoja. Ukiondoka kabla, deni ni lako lote au sehemu yake, na kiasi kimeandikwa ndani ya karatasi ileile uliyoharakishwa kuisaini. Nilisaini kwa sababu sikuwa na dola elfu kadhaa za kujilipia mwenyewe. Baadaye nilijua kwamba vyuo vya serikali vya mitaani hufundisha pia, na kwamba ofisi za kazi za wilaya huwa na fedha za kuwasomesha baadhi ya watu wa kipato cha chini. Ningejua mapema ningekwenda kuuliza kwanza. Nawe ukienda, uliza pia ni wanafunzi wangapi kwa lori moja. Tangu tarehe 7 Februari 2022 mtu anayetafuta leseni hii ya daraja A kwa mara ya kwanza lazima afundishwe na shule iliyosajiliwa na serikali kuu, lakini kanuni haikutaja saa ngapi za kuendesha. Inasema mwalimu aridhike. Kuna walimu wanaoridhika upesi mno.

Daraja A ni kichwa na tela kwa pamoja, uzito kuanzia ratili 26,001, yaani karibu tani 12, na tela lenyewe lizidi ratili 10,000. Ili uguse usukani unahitaji kibali cha mwanafunzi, na kibali hicho ni mtihani wa maswali: elimu ya jumla, breki za upepo, magari ya kuunganisha. Kila mmoja unahitaji asilimia 80. Ukishakipata, unakaa nacho siku 14 kabla ya kuruhusiwa kufanya mtihani wa vitendo.

Breki za upepo ndizo zilizotoa jasho darasani, na hapo ndipo Mama wa Bukavu alipogeuka kuwa mwalimu. Jioni ya tatu tulikaa kwenye ngazi za hoteli, mimi nikilalamika kwamba siielewi michoro ya mipira ya upepo. Akachukua kalamu.

"Ni mwili wa mtu, mwanangu. Pampu hii ya upepo ni moyo. Matangi ni mapafu, yanatunza. Mpira wa bluu na mpira mwekundu kati ya kichwa na tela ni mishipa. Ule wa bluu unapeleka amri ya mguu wako. Mwekundu unapeleka uhai. Ukikatika, tela linajifunga palepale."

Nilikuwa nimeishi miaka yote nikidhani upepo ndio unaofunga breki za kuegesha. Ni kinyume. Spring kubwa ya chuma ndiyo inayofunga, na upepo kazi yake ni kuizuia. Upepo ukiisha, spring inashinda, magurudumu yanakamatwa. Mlio ule niliousikia utotoni ulikuwa wa upepo unaoachiwa ili spring ikamate. Nilikaa na jambo hilo usiku ule muda mrefu.

Kipimo chake unakifanya kila siku, mtihanini na kazini. Unazima injini, unawasha swichi, unasukuma ndani vitufe viwili vya mbele yako, cha njano chenye pembe nne na chekundu chenye pembe nane. Unakanyaga breki kwa nguvu na kushikilia dakika nzima. Upepo usipungue zaidi ya ratili 4 kwa inchi ya mraba. Kisha unakanyaga na kuachia, kanyaga, achia. Kengele ilie kabla upepo haujashuka chini ya 55, na vitufe viruke vyenyewe nje kati ya 45 na 20. Visiporuka, lori haliondoki. Ukiruka hatua moja ya kipimo hiki mbele ya mtahini, mtihani umekwisha hapohapo.

Ukaguzi wa gari kabla ya safari ni kukariri, na ni kukariri kwa sauti. Unalizunguka lori lote, unagusa kila kitu kwa kidole na kukitaja: mkanda wa feni, rejeta, mipira, kamani, shokapu, ekseli, nati za magurudumu. Kila kimoja unasema hakijapasuka, hakijapinda, hakijavunjika, kimefungwa imara, hakivuji. Tairi za mbele kina cha kashata zake kisipungue sehemu 4 kati ya 32 za inchi, kama milimeta 3. Nyingine sehemu 2. Pale kichwa kinapoungana na tela unalala karibu chini kabisa na tochi, uone kwamba taya za sahani ile ya grisi zimeifunga shingo ya kingipini, yaani pini ya tela, na kwamba hakuna mwanga unaopita kati ya sahani na tela. Mwanga ukipita, tela halijakaa.

Nilikwisha kusoma madrasa nikiwa mdogo kwa jirani yetu, najua kukariri kunavyoingia kwa kurudia na kwa sauti. Tatizo ni kwamba haya yote yalitakiwa kwa Kiingereza. Kila jioni saa moja mimi na Mama tulizunguka lori bovu lililoegeshwa nyuma ya hoteli, kwanza kwa Kiswahili, tukicheka pale maneno ya Iringa na ya Bukavu yalipokataa kukubaliana, kisha kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili tulijua kitu ni nini na kinafanya nini. Kwa Kiingereza tulijifunza kukisema. Waliokariri Kiingereza peke yake walikwama mtahini alipowauliza swali moja la pembeni.

Na lugha si ya mtihani tu. Sheria ya Marekani kwa miaka mingi imemtaka dereva wa lori aweze kuzungumza na kusoma Kiingereza kiasi cha kusoma alama za barabarani na kumjibu afisa. Tangu tarehe 25 Juni 2025 afisa anayekuona huwezi anaweza kukuzuia papo hapo usiendelee na safari. Kwa hiyo ndugu anayefikiria njia hii aanze na lugha miezi kadhaa kabla ya kupanda basi. Nimeona mtu hodari wa usukani, mwenye miaka ya lori huko kwao, akirudishwa kwa ajili ya hili. Iliniuma.

Kisha uwanja. Lami tupu, koni za rangi ya chungwa, upepo wa baridi. Malori yetu yalikuwa ya gia za kujiendesha, kama karibu yote yanayonunuliwa siku hizi; ukifanyia mtihani gari la namna hiyo leseni inaandikwa sharti kwamba huruhusiwi gia za mkono. Klachi niliyoizoea kwenye Canter haikuwa na kazi. Nilichobaki nacho ni mazoea ya kurudi nyuma na gari moja lisilovunjika katikati, na mazoea hayo ndiyo yaliyonipinga.

Tela lina urefu wa futi 53, mita 16. Unapolirudisha nyuma, ukizungusha usukani kulia, mkia wa tela unakwenda kushoto. Akili inalielewa hilo kwa dakika moja. Mikono inachukua siku kumi. Kila nilipoona mkia umeanza kupotea nilizungusha sana, nikangoja, sikuona kitu, nikazungusha tena, halafu yote yakaja kwa pamoja na tela likajikunja mpaka likakaribia kugusa kichwa. Kijana wa Arkansas alisimama nje ya dirisha langu, mikono mfukoni, akaniambia jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi aambiwe siku ya kwanza: tela lina subira kuliko wewe. Lipe kidogo, ulingoje. Na ukiona mkia unakua kwenye kioo kimoja, geuzia usukani upande wa kioo hicho.

Mwalimu wa uwanjani, mzee mwenye miaka 30 barabarani, hakuwa na maneno mengi. Alikuwa na amri moja, akiirudia mpaka usiku tuliisikia ndotoni: shuka uangalie. Vioo havioni nyuma ya tela. Havioni upande wa kulia kichwa kikishakata kona kushoto. Havioni juu, na paa, tawi la mti na waya viko juu. Vuta vitufe, shika vishikio kwa sehemu tatu za mwili, shuka ukiwa umeelekea gari wala usiruke, nenda nyuma kwa miguu, tazama, rudi. Baadhi yetu tuliona aibu kushuka mbele ya wengine, kana kwamba kushuka ni kukiri hujui. Mama hakuona aibu. Alishuka kila mara, akavuta sketi yake ndefu aliyoivaa juu ya suruali, akaenda, akatazama koni kama anavyotazamwa mgonjwa, akarudi.

Siku ya mtihani yeye alipita vipande vyote vitatu: ukaguzi, uwanja, barabara. Mimi nilipita ukaguzi bila kosa. Uwanjani, nikiingiza tela kwenye nafasi ya kona, niliona kwenye kioo nimebakiza kama mita mbili na nilikuwa na nafasi ya kushuka ambayo sikuitumia. Nikasikia sauti ndogo ya plastiki. Koni ilikuwa chini ya tairi. Mtahini akaandika, akaniambia kwa heshima niegeshe. Nilikaa siku nne zaidi, Mama akiwa amekwisha kuondoka na mkufunzi wake kuelekea Nebraska. Mara ya pili nilishuka mara zote nilizoruhusiwa, hata pale nilipokuwa na hakika, na nikapata leseni.

Leseni si mwisho wa shule. Kampuni ilinikabidhi kwa mkufunzi, mzaliwa wa Alabama mwenye miaka sitini, nikaishi naye ndani ya kichwa kimoja kwa wiki sita, yeye kitanda cha chini, mimi cha juu. Hapo ndipo niliposoma saa: kuendesha kusizidi saa 11, ndani ya dirisha la saa 14, baada ya mapumziko ya saa 10 mfululizo, na nusu saa ya kupumzika kabla hujapitisha saa 8 za usukani. Kifaa kilichounganishwa na injini kinaandika chenyewe, si rahisi kukidanganya kama madaftari ya zamani. Wapo wakufunzi wanaolala tangu siku ya pili na kumwacha mwanafunzi aendeshe kama dereva wa zamu, ili lori lisisimame. Naona ni kosa, na ni hatari. Wangu alikaa macho pembeni yangu kwa wiki mbili za kwanza, na ninamshukuru.

Alikuwa macho Monteagle. Ni mlima wa Tennessee kwenye I-24, kati ya Nashville na Chattanooga. Ukielekea kusini unateremka maili kama nne, na kando kuna njia za changarawe za kuokolea lori lililopoteza breki. Tulikuwa na kuku wa kugandishwa, jumla yetu ikiwa karibu na ratili 80,000, uzito wa juu unaoruhusiwa, tani 36. Juu kabisa, kabla ya mteremko, akaniuliza utashuka na mwendo gani. Nikasema 40. "Basi uwe nao sasa hivi," akasema. Kwa sababu gia na mwendo huchaguliwa ukiwa bado juu. Ukishaanza kuporomoka umechelewa. Breki ya injini ikanguruma. Kila mwendo ulipofika maili 40 nilikanyaga kwa uthabiti mpaka 35, sekunde kama tatu, nikaachia breki zipoe. Tena. Tena. Lori moja likatupita kushoto na harufu yake ikaingia kabini kwetu, harufu ya breki zilizoungua, ileile ya Kitonga. Ilikuwa miaka mingi sijaisikia. Niliona mikono yangu imekaza usukani, nikamkumbuka mjomba na gogo lake, nikailegeza.

Tulifika kando ya Atlanta saa tisa usiku, mvua inanyesha. Ghala lilikuwa la zamani, limejengwa kwa malori mafupi ya enzi nyingine, na nafasi tuliyopewa ilitaka kurudi kwa upande wa kulia, upande ambao dereva haoni. Mkufunzi alizima taa ya ndani, akakunja mikono. "Ni lako," akasema.

Simu ilikuwa imelia saa moja kabla. Mama alikuwa Wyoming, ameegesha na mkufunzi wake kwa sababu ya upepo mkali uliokuwa ukiyaangusha malori yasiyo na mzigo. Sauti yake ilikuwa imechangamka. "Mwanangu, hapa upepo una mikono! Tumekaa, tunangoja." Akaniuliza kama nakula vizuri.

Nilirudi nyuma kidogo, nikasimama, nikavuta vitufe, nikashuka na tochi. Hakuna kitu. Nikapanda, nikarudi nyuma mita tano, nikashuka tena. Mvua iliingia kwenye kola. Mara ya tatu tochi iliangukia nguzo ya chuma, fupi, imefika magotini, rangi yake ya njano imekwisha kufutika, sentimeta chache kutoka kona ya tela. Hakuna kioo ambacho kingeniambia. Nilisimama nayo pale kwenye mvua, nikaiwekea mkono. Kisha nikapanda, nikaenda mbele, nikanyoosha, nikaanza upya.

Mara ya tano mpira wa jukwaa uligusana na tela polepole. Nikavuta cha njano, nikavuta chekundu. Pshaaa. Kisha kimya, na mvua juu ya paa.